Vidole Vikavu

Siye tuliotoka Djugu walituita deplase, watu wenye kukimbia vita. Kambi yetu ilikuwa pembeni ya Bunia, na nilikuwa na mama yangu tu, muzee asiyeweza kutembea tena. Bashi yetu ya plastiki, ndiyo paa letu, ilipasuka, mvua ilikuwa inamuanguka ku kifua. Kupata bashi mupya, lazima uandikwe upya, na safari hii si na kalamu. Na kidole.

Shefu wa bloki akapita na megafoni: "Munawe mikono muzuri! Mashini haitaki uchafu!" Siye wanawake wa shamba, ukitusemea uchafu, umetupiga. Nilisugua mikono na majivu mpaka ngozi ikawaka. Halafu ku mulango wa hangari ya kuandikia watu wakatunawisha tena na maji ya klori, sababu ya Ebola. Niliingia na mikono safi kuliko ya padri, na mikavu kama ganda la muhogo.

Teknisye, fundi wa mashini, alikuwa mwanaume wa mjini, shati imepigwa pasi. Mbele yake ordinatere, ndiyo kompyuta, na kisanduku kidogo chenye kioo. Nikaweka kidole. Ordinatere ikalia. Nikaweka kingine. Ikalia.

"Mama, uko double," alisema, bila kuniangalia. "Ulishaandikwa."

"Niliandikwa wapi? Ku hii mashini ndio leo nafika."

"Mashini haina uongo."

Nyuma yangu mu mustari kulikuwa mwanamuke mumoja, kule kwetu mashamba yetu yalipakana. Akapiga kelele: "Toka, mama! Ulishakula mara mbili, unataka ya tatu?" Watu wakacheka. Shefu wa bloki alikuwa pale. Ile bashi yenye kupasuka, ni yeye mwenyewe aliifunga na kamba siku tulifika. Akaangalia viatu vyake.

Mama aliniuliza tu: "Bashi iko wapi?" Nikamwambia kesho. Nilisema kesho siku sita, na mvua haikukosa hata moja.

Siku ya saba nilienda kukaa chini mbele ya meza ya teknisye. Nikasema sitoki. Na sikuwa peke yangu tena. Wenye kuponda mawe ya zahabu, double. Wenye kulima, double. Hata yule jirani wa kelele, double! Sikumucheka. Kidogo nilicheka.

Ndipo teknisye akafungua ordinatere vizuri. Ile programu aliiandika yeye, mu lugha moja nyepesi ya ordinatere, yenye mutu anaandika asubuhi na mangaribi inafanya kazi. Lakini kusoma kidole hakuandika yeye.

"Hiyo iko mu biblioteke, mama, programu yenye wengine walishaandika. Kazi ya wenye kutengeneza mashini. Miye naiita tu, inanijibu na nimero. Zero, kidole ni sawa."

"Na kama si zero?"

Akaangalia mustari wake mu ordinatere. Halafu: "Miye niliandika: kama si zero, ni double."

Akatafuta ukurasa wa zile nimero, akasoma na kidole chake laini. Double ilikuwa na nimero yake. Yangu ilikuwa ingine: kidole kikavu.

"Weye haukusoma ule ukurasa mbele ya kuandika?"

"Nilisoma kidogo. Ku biro, mu ofisi yetu, tulijaribu na vidole vyetu, ilikuwa inakubali wote."

Ku biro! Wenye kushika kalamu!

Akabadilisha mistari mitatu. Akaniambia nipanguze kidole ku paji la uso, kipate mafuta. Mashini ikanyamaza, ikanikubali.

"Sasa chukua megafoni," nikamwambia. "Sema miye si mwizi."

"Tuache ile, mama. Bashi utapata."

Nilipata. Mama alilala mukavu siku ine, na kile kifua kilikuwa kimeisha kuharibika. Siku ya tano tulimuzika.

Wenye bunduki walitufukuza Djugu, hao nitawasema mbele ya Mungu. Wa bashi nawasema hapa. Ni teknisye, mwenye hakumaliza ukurasa. Ni shefu wa bloki, mwenye aliangalia viatu. Jirani pia, hata kama naye aliumia. Mashini sina neno nayo, ilisema kidole kikavu tangu siku ya kwanza.

Ile bashi nalala chini yake mpaka leo. Mvua ikinyesha, naangalia juu, napitisha mukono ku kila pembe. Haivuji hata tone. Ndiyo yenye kuniuma.