Kuku Wawili Kifuani

Shati la sare yetu lilikuwa jeupe na jepesi kama kitambaa cha kuchujia tui. Kampuni iliagiza ndani yake tuvae fulana nyeupe tupu. Mimi nikavaa nilizozitaka. Ya kwanza ilikuwa na ngumi nyekundu, ya pili midomo miwili ikibusiana. Asubuhi tukipanda basi la kampuni kule Al Quoz, Uarabuni, hakuna aliyeziona, lakini AC ya basi ilikuwa mbovu, na tukifika Al Barsha kulinda milango ya maduka, jasho lilikuwa limeshalibandika shati mwilini na picha imejitokeza. Sikuwa na haja ya kufungua mdomo. Kwetu Tanga wanawake husemana kwa kanga. Mimi nilisema kwa fulana.

Ya tatu alinichorea mpenzi wangu, mlinzi mwenzangu, Mkenya mwenye vidole virefu: majike wawili wa kuku, bawa juu ya bawa, na chini yao maandishi, JOGOO ASIWIKE, KUTAKUCHA. Watu walidhani tunachangia chumba tu. Mwanamke kumpenda mwanamke pale ni jela, kisha ndege ya kurudishwa, na kwao Kenya watu saba walikula kwa mkono wake.

Agosti moja msimamizi alitupanga mstari kwenye maegesho kukagua sare. Aliponifikia hakuuliza kitu. Alinikamata kola, akavuta mpaka vifungo vikaruka. Nikamsukuma. Akanibamiza ukutani, nikamtemea mate ya damu kwenye tai.

"Imeandikwa nini?" alimuuliza mpenzi wangu, maana alijua lugha yetu ni moja.

"Hakuna kitu, sir. Ni kuku tu."

Alijibu haraka mno. Jibu lile liliniuma kuliko ukuta.

Msimamizi akamtazama, kisha akamshika mkono. Chini ya kucha zake kulikuwa na rangi nyekundu, ileile ya vishungi vya kuku. Jana yake mpenzi wangu alikuwa amevipaka upya vilipofifia. Msimamizi akauvuta mkono ule hadi kifuani kwangu, akalinganisha.

Nikapiga ngumi. Sikumpiga msimamizi, nilimpiga mpenzi wangu, mdomoni, kwa nguvu zangu zote.

"Nilikukataza kugusa nguo yangu, mshenzi wewe. Umeniharibia kwa rangi zako," nilifoka kwa Kiingereza.

Alianguka kwa magoti. Nikamshika nywele, nikampiga tena, mpaka wenzetu watatu waliponivuta. Jino lilikuwa sakafuni, kwenye damu.

Msimamizi alicheka. Aliona maadui wawili, na maadui hawakumtia wasiwasi. "Khalas, imekwisha," alisema, akininyooshea kidole. "Huyu akafunge mizigo. Wewe kanawe uso, yalla."

Wiki haikuisha nikawa Tanga. Yeye alibaki kazini miaka minne, akajenga na nyumba kwao.

Bado hunipigia simu ya video, na akicheka naliona pengo. Siku moja aliniambia, "Lakini si ungenigonga polepole, mpenzi."

"Ningekupiga polepole, asingeamini."

Akakubali, akanishukuru, na mimi nikazipokea shukrani zake. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kumwokoa, hilo ni kweli. Jino lilitoka kwa ile ya pili, na ile ya pili nilimpiga kwa sababu kuku wetu aliwaita kuku tu. Hilo sijamwambia.