Kiti cha Shangazi Ndani ya Singo Kebini

Nina pikapu ya singo kebini, na sitaki mtu anipe pole kwa hilo. Mbele kuna kiti kimoja kirefu cha watu watatu: dereva, wa katikati ambaye lazima akunje miguu kupisha gia, na wa dirishani. Nyuma ni bodi, basi. Niliinunua Kihanga kwa mzee aliyekuwa akibebea kahawa, na mpaka leo mvua ikinyesha kebini inanuka maganda ya kahawa. Anayetaka viti vya nyuma na kiyoyozi akanunue lake.

Huwezi kuishi Nyakatuntu na pikapu halafu ukasema ni yako peke yako. Mgonjwa akizidiwa, unaitwa. Mbuzi wa posa wakipelekwa, unaitwa. Mtu akifa, huulizwi hata kama una mafuta. Watu wanapanda tu. Nimezoea, silalamiki. Ninayemlalamikia ni mmoja, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu.

Baba yangu alitoka Burundi akawa kibarua kwenye kibanja cha baba yao, akipalilia migomba na kuchuma kahawa. Mimi nimezaliwa hapahapa, kitovu changu kimezikwa hapahapa, lakini kwa shemeji nimebaki mtoto wa kibarua. Dada yake aliponikubali, alisema mbele za watu kwamba ameokota takataka. Nilipopata gari, naye akapata neno la kuchezea. "Singo wamefika," anasema kila tukiingia uani kwake, na watu wake wanacheka. Kumbe maharage yake yote yanapanda singo hiyohiyo kwenda sokoni. Mama yao alipofariki, jeneza lilipanda singo hiyohiyo, yeye akakaa mbele, dirishani, mkono nje kama mkuu wa wilaya. Mke wangu alikaa nyuma na jeneza. Nilimeza.

Kilichonishinda kumeza ni habari ya binti yake.

Binti huyo alifiwa na mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake hakujua hata kumkorogea uji. Mke wangu ndiye aliyemchukua, akalala naye, akamtoa funza, akamfundisha kumenya ndizi bila kujikata. Alikaa kwetu mpaka akamaliza shule ya msingi. Ndipo baba yake akamkumbuka, akampeleka sekondari Kayanga, kwa dada yao mwingine, mtoto wa baba yao mkubwa, mwenye duka la vitenge na sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya barabara.

Sasa, huku kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kwa baba yake bila shangazi. Sisi wa asili ya Burundi tunamwita masenge, Wanyambo wenyeji wana neno lao, ila kazi ni ileile. Ndiye anayemfunda, anayekaa ubavuni mwake njia nzima, anayemshika mkono mpaka anamkabidhi kwa wakwe. Na shangazi wa kwanza ni yule aliyetoka tumbo moja na baba. Wengine ni wa kusaidia vigelegele. Mke wangu alianza kujiandaa tangu siku ya posa. Alishona gauni la kitenge, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba, na kila akipita analigusa.

Wiki mbili kabla ya harusi ikaletwa kadi. Unazijua kadi zetu: dabo ni ya watu wawili, singo ni ya mtu mmoja. Tuliletewa singo, imeandikwa jina langu. Nikadhani kamati imekosea. Nikampigia shemeji. Alicheka mpaka akapaliwa. "Shemeji, ninyi si mmezoea singo?" Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa tu, kwamba shangazi atakuwa yule wa Kayanga, maana wakwe ni watu wa heshima zao na picha zitapigwa nyingi.

Mke wangu hakulia. Alilishusha gauni, akalikunja, akaliweka chini ya godoro, akaenda kupika. Aliyelia ni mimi, nikiwa chini ya gari najifanya nakaza nati. Nilisema moyoni: wewe mzee, Mungu akinipa uhai, utaniomba. Sijui utaniomba nini, lakini utaniomba.

Siku ya harusi mvua ilianza alfajiri na haikuwa na mpango wa kukatika. Saa nne na nusu simu ikaita. Shemeji. Magari manne madogo ya kukodi, yamefungwa riboni nyeupe, yote yamekwama kwenye kilima kinachotoka kwake. La kwanza limeteleza mtaroni, na yaliyobaki hayawezi kulipita. Bodaboda hawataki hata kusikia habari ya kilima kile. Na padre wa Bugomora alishatangaza kwamba ana misa nyingine kigango cha pili, saa sita kamili anaondoka, awe amefungisha ndoa au hajafungisha.

"Shemeji, fanya haraka," akasema. Hakusema singo siku hiyo.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mchana. "Nenda," akasema, "mtoto hana kosa." Nikaenda.

Nilipofika chini ya kilima nilishuka nikafunga loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, ili gari livute kwa magurudumu yote manne. Upande wa kulia kwanza. Nikazunguka taratibu. Kisha wa kushoto. Huku shemeji amesimama na suti yake ya rangi ya maziwa, suruali imekunjwa hadi magotini, ananiangalia kama anayemsubiri daktari. Nilipomaliza nikampakia, nikayapita magari yale kwa majanini, nikapanda mpaka mlangoni kwake bila kuteleza hata kidogo. Gari lilijua.

Bibi harusi alitolewa chini ya miavuli mitatu. Nyuma yake anakuja yule wa Kayanga, kilemba kikubwa, viatu vyenye visigino vya kuchimbia mihogo. Akashika kitasa cha mlango wangu. Nikabonyeza loki kutoka ndani.

Nikateremsha kioo nikamwambia shemeji, "Hili gari ni singo. Mbele wanakaa watu watatu tu. Dereva, bibi harusi na shangazi."

"Si huyu hapa shangazi?"

"Shangazi ninayemjua mimi yuko nyumbani anamenya ndizi. Kamwombe."

Loo, nilikuwa nimeyasema maneno yale bafuni na shambani kwa wiki mbili, ingawa sikujua yataingilia wapi. Yalinitoka matamu. Shemeji alitazama saa. Akatazama kilima, magari, anga. Akafungua mdomo kunitukana, akakumbuka, akaufunga. Bibi harusi akasema kwa sauti ndogo, "Baba, twende tukamchukue." Hilo lilinipoza kidogo, maana yule mtoto nilikuwa nimeanza kumchukia pia.

Nikamchukua shemeji peke yake. Alipoingia jikoni kwetu aliinama, maana paa ni fupi, na mke wangu akamwamkia bila kuinuka kigodani, "Shikamoo kaka," kisu kinaendelea na ndizi.

"Marahaba. Dada, vaa twende."

"Kwenda wapi? Mimi sina kadi."

"Usianze mambo yako, padre anaondoka!"

"Na kadi yenyewe ni ya mtu mmoja."

Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nakula kila neno. Shemeji akapangusa uso. Mwishowe akasema, na ilimtoka kwa shida kama mtu anayetapika, "Nakuomba ukamtoe mtoto. Wewe ndiye shangazi yake."

Mke wangu akamenya ndizi iliyobaki. Moja, lakini aliimenya vizuri sana. Akanawa. Akaenda kuvaa, na sijawahi kumwona mtu akifunga vifungo polepole namna ile. Nikampenda upya.

Basi tukarudi kilimani kumchukua bibi harusi, tukaondoka: mimi kwenye usukani, bibi harusi katikati gauni limefunika gia, mke wangu dirishani. Nyuma walipanda wapambe, masufuria, madumu ya pombe ya rubisi, shemeji na yule wa Kayanga, wamejifunika turubai ninalofunikia maharage. Mke wangu alimshika mtoto mkono, akaanza kumwambia kwa Kinyambo yale mambo ambayo shangazi humwambia binti. Nilijifanya sisikii. Mtoto akalaza kichwa begani kwake na vipodozi vyake vyote.

Kuna njia ya mkato ya kwenda kanisani. Sikuipita. Nilipita sentani, katikati ya maduka, mwendo wa konokono, honi juu. Watu walitoka kwenye vibaraza. Muuza duka mmoja akapiga kelele, "Mzee, leo umepanda nyuma?" Bodaboda wakaangua kicheko. Kwenye kioo nilimwona shemeji akijivuta ndani ya turubai, na yule wa Kayanga amekumbatia sufuria la wali lisimwangukie. Sitasema uongo kwamba niliona aibu. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto.

Tulifika padre akiwa ameshavaa koti la mvua juu ya kanzu. Ndoa ikafungwa. Kwenye sherehe, wakati wa kumkabidhi bibi harusi kwa wakwe, mke wangu ndiye aliyemshika mkono, akasema maneno yote inavyotakiwa, na mama mkwe akamkumbatia. Nikasema, yamekwisha. Nikawaza hata kumrudisha shemeji nyumbani akiwa amekaa mbele.

Kisha akapewa maiki.

Alitoa karatasi mfukoni, ile aliyoiandika kabla ya mvua. Akawashukuru wakwe, padre, kamati. Halafu akasoma: "Na kwa namna ya pekee namshukuru dada yangu wa Kayanga, shangazi aliyemlea binti huyu tangu akiwa mchanga." Akasoma yote. Hakutazama tulipokaa. Vitenge vya doti mbili vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, zawadi ya shangazi, vikapelekwa kwa yule mwenye duka la vitenge. Akavipokea! Akacheza navyo! Wageni wakapiga makofi.

Mke wangu naye akapiga makofi, matatu, nilihesabu. Akavuta gauni lake vizuri, akanigusa goti. "Twende nyumbani."

Mvua ilikuwa imerudi. Tulipofika kwenye gari, bodi lilishajaa watu wa ukoo wao, maana walijua hakuna usafiri mwingine na nyumbani ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, matope tupu. Nikamwuliza mke wangu kwa macho. Akasema, "Washushe."

"Shukeni, jamani," nikasema. "Gari haliendi huko." Walidhani natania. Nikarudia mpaka wakaelewa, wakashuka mmoja mmoja wakiguna.

Shemeji akaja mbio kwenye dirisha la mke wangu, maji yanamchuruzika kidevuni. Hakuomba msamaha. Nilikuwa nasubiri, nakiri. Angesema neno moja tu ningewapakia wote. Alisema, "Dada, sisi tutatembea. Lakini hapo katikati si pamebaki wazi? Mchukueni shangazi, kisigino kimevunjika."

Alimwita yule wa Kayanga shangazi. Mbele ya mke wangu. Nadhani hata hakujisikia.

Mke wangu aliteremsha kioo hadi mwisho amwone vizuri. "Kaka, kiti hiki kina mwenyewe," akasema, akapandisha kioo. Nikatia gia.

Tukaenda mita kama mia mbili. Kwenye kioo niliwaona wameanza kujipanga barabarani, suti ya maziwa mbele, kilemba nyuma kinachechemea. Nyuma ya gari kitu kilikuwa kinagonga, kwa, kwa, kwa, kila tukipita shimo. Mke wangu akasema, "Simama."

Nikasimama. Moyo wangu ukalegea, na ukaniuma kulegea, maana nilijua ni damu yake na lazima ingemshinda. Nikaanza kutafuta pa kugeuzia. Akafungua mlango, akashuka kwenye matope na gauni lake jipya. Kule nyuma wakamwona. Shemeji akainua mkono, wakaanza kukimbia.

Mke wangu alikwenda nyuma ya bodi, akainua ule mlango waliouacha wazi waliposhuka, akaufunga pini zote mbili, akarudi akapanda.

"Ulikuwa unapiga kelele," akasema. "Twende."