Munyiva Anayezifunga Picha Mdomo

Saa mbili na robo asubuhi, Mtaa wa Biashara haujajaa watu, na Munyiva Musembi ameshawasha skana. Analaza juu ya kioo picha ya kiondo chekundu, iliyochapishwa dakika tano zilizopita, kisha anairudisha kwenye kompyuta ilikotoka.

"Munyiva, karatasi yangu tena?" anauliza Lalit, mwenye studio.

"Yako, Bwana Lalit. Nikate mshahara."

Lalit anacheka. Hajawahi kumkata.

Mpita njia angesema ni kazi ya kichaa. Kumbe mama huyu wa miaka arobaini na sita analinda roho kumi na moja: wanawake waliokimbia ngumi za waume zao, wanaoishi katika nyumba ambayo mtaa wake gazeti hili halitautaja. Wanasuka vyondo na kuviuza kwenye tovuti.

Machi mwaka huu wa 2009, msimamizi wao, Nyakio, alileta picha zichapishwe. Zilikuwa zimepigwa kwa simu mpya ya mfadhili, na zimekaa kwenye tovuti siku nne.

"Hakuna uso, hakuna geti," alijigamba.

Munyiva hufungua maelezo ya kila picha kuangalia mwanga. Safari hii akaona nambari ngeni: latitudo na longitudo, ambazo simu ilikuwa imeziandika yenyewe ndani ya picha. Hakuuliza mtu. Alitandika ramani ya jiji mezani, akaweka rula, akagusa kwa kidole.

"Nyakio, mnakaa hapa?"

Nyakio aliketi sakafuni. "Nani amekuambia?"

"Kiondo."

Mume mmoja alikuwa ameapa kumfuata mkewe hata kaburini. Picha ziliondolewa siku ile ile, na tangu hapo kila picha huchapishwa kwanza, kisha nakala ya skana ndiyo inayowekwa kwenye tovuti. Vijana waliotengeneza tovuti, walipopigiwa simu, walicheka: "Mwambieni huyo mama ashughulike na picha za pasipoti."

Hiyo ndiyo jeuri ya wenye vyeti, na haikuanza jana. Mwaka 1989 Munyiva aliingia studio hii kufagia. Fundi alimfungia mlango wa chumba cha giza cha kusafishia filamu, ati si mahali pa ufagio. Akaokota vijikaratasi vya maelezo vilivyotupwa na maboksi ya filamu, akavisoma, mpaka fundi akawa anamuuliza yeye.

Leo analipwa shilingi elfu kumi na tatu kwa mwezi. Picha za vyondo, mia mbili na kumi na mbili kufikia sasa, amezipitisha zote bure.

"Karatasi inabeba rangi tu," anasema. "Haijui njia ya kwenda kwa mtu."

Wanane kati ya wale wanawake wameamua wenyewe kwamba Septemba ijayo watasimama na vyondo vyao kwenye maonyesho ya kilimo na biashara katika uwanja wa Jamhuri, mbele ya umati. Munyiva atawapiga picha kwa simu ile ile ya mfadhili.

Na picha hiyo, ataipitisha kwenye skana?

"Hiyo? Wapi!" Anafuta kioo kwa pindo la leso. "Hiyo naiacha na mahali pake. Anayetaka kujua walikuwa wapi, ajue: walikuwa Jamhuri, mchana kweupe, na wamesimama."