Mkono wa Kulia wa Mama

Kiharusi kilipompiga mama, tulimtoa Kisarawe tukamleta kwangu Visiga, awe karibu na hospitali. Mkono wa kulia ulilala kabisa. Kilichomuumiza zaidi ni kulishwa, na mkono wa kushoto hakutaka kuuona kwenye sahani. "Nimekula kwa kulia tangu nazaliwa, leo nianze mambo gani?" Basi nikawa namlisha mimi, yeye anatafuna kichwa kainamisha.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kimpira cha kuminya. Wapi! Kilimdondoka, kikaingia chini ya kochi, nami nikapiga magoti kukitafuta huku nanung'unika. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Kisha tukaenda Kisarawe kwenye harusi ya jirani. Siku ya kukuna nazi wanawake hukusanyika uani, kila mmoja na mbuzi yake. Mama nikamweka kwenye kiti, pembeni. Shoga yake mmoja, mdomo kama pilipili, akamfokea: "We, umekuja kula tu? Njoo ukune!" Wakamkalisha kwenye mbuzi, wakamshikisha nusu ya nazi, umbea ukaendelea. Hakuna aliyemwangalia. Nilipogeuka, mkono wa kulia ulikuwa umeikamata nazi ile, unaizungusha polepole, na nazi iliyokunwa inadondoka kwenye sinia. Yarabi! Mchana alifinyanga tonge la pilau, akalipeleka mdomoni mwenyewe. Nililia mbele za watu.

Tuliporudi Visiga nilinunua mbuzi mpya, nikaiweka jikoni kwenye marumaru, nikasimama kando yake.

"Haya mama, kuna kama ulivyokuna juzi."

Nazi ikamponyoka, ikaviringika hadi mlangoni. Nikaiokota, nikamrudishia. Ikaanguka tena.

"Juzi nilikuwa napika harusi, mwanangu," akasema. "Hapa namkunia nani, nawe umenisimamia kama polisi?"

Nilinuna, lakini alisema kweli. Nikakubaliana na ndugu zangu arudi kwake, tena haraka. Nyumba yake ilikuwa inavuja, tukatafuta fundi abadilishe bati. Mafundi nao! Leo kesho, kesho keshokutwa, mara mvua. Mama kila asubuhi ananiuliza, "Bati bado?" Namjibu, "Bado kidogo, mama."

Kiharusi cha pili hakikungoja bati. Tonge lake la mwisho nilimlisha mimi.