Joho la Raya

Mjukuu wangu Raya alileta joho jeusi la mahafali, refu mpaka linaburura sakafuni. Mimi niliyeshona Unguja tangu usichana wangu, nione hayo ninyamaze? Alipoingia kuoga nikalikata shibiri nzima, nikapiga upindo, na kile kipande nikakifanya kitambaa cha mkono.

Chuo chao ni kipya, cha Kimarekani, hapa hapa Nizwa, Omani. Walimu walipoingia na majoho ya kila rangi, ukumbi mzima ulisimama. Subhanallah, sijaona heshima kama ile. Raya alipoitwa jina, nililia.

Akaja kunibusu mkono, tukafungua jalada la shahada pamoja. Ndani mlikuwa na kikaratasi tu. Raya akakisoma: "Rejesha joho kama ulivyoliazima, ndipo upewe shahada."

Kisha akakitazama kitambaa cheusi nilichokuwa nikifutia machozi.