Kiazi Kimoja Dirishani

Asubuhi ile nilikuwa uani kwangu Ntobeye, nachambua maharage huku nikimsema mume wangu kwa kuniletea kuni mbichi. Jioni tulikuwa na kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa Siliveri, mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi wakati wa mauaji, akapewa kiwanja katika kijiji chetu cha ujamaa. Ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu.

Saa nne ofisa mmoja na mgambo wakamkamata shambani, jembe mkononi. Wanajeshi wa kwao walikuwa wamemdai, eti mwasi. Mwasi gani, anayeogopa hata kuchinja kuku! Gari lingempeleka mpakani Kabanga, akabidhiwe. Wawili waliorudishwa kabla yake waliteswa, kisha wakapigwa risasi. Sote tulijua.

Wakamfungia katika ghala la kijiji. Mwenyekiti wetu akapanda baiskeli kwenda Ngara mjini, kumwomba mkuu wa wilaya barua ya kuzuia. Kabla hajaondoka alimwambia ofisa aliyekuja na gari, "Kwetu mtu hatolewi na tumbo tupu. Mwache ale kwanza."

Mama yake ofisa alikuwa Mhangaza, wa kabila letu. Akaona haya.

"Sawa. Akishakula, tunaondoka."

Wanawake tukaelewana kwa macho: chakula kisiive mpaka barua ifike. Nikabandika maharage makavu ya mwaka jana, kwa kuni zilezile mbichi. Moto ukishika, nauchomoa ukuni. Ofisa akiuliza, najibu, "Bado, mwanangu. Maharage ya huku yana kiburi." Wenzangu wakacheka. Mimi nikachungulia barabara ya Ngara.

Saa nane Siliveri akaniita kwenye kidirisha cha ghala.

"Mama Adela, sijatia kitu mdomoni tangu jana."

Ningemwambia avumilie. Ningemnong'oneza sababu. Lakini mgambo alikuwa amesimama karibu, nikaogopa, na huruma ikanizidi. Nikafukua kiazi kilichokuwa majivuni, nikampitishia.

Akala.

Mgambo akaliona ganda.

"Amekula," akamwambia ofisa.

Nikapiga kelele kwamba kiazi si chakula, chakula kiko jikoni. Nikashika mlango wa gari. Wakanibandua vidole.

Siliveri alipanda mwenyewe. "Asante, mama," akaniambia. Hakujua.

Mwenyekiti alirudi jua linazama, barua kaifunga kwenye leso isilowe jasho. Maharage yalikuwa bado magumu.

Habari tulizipata baada ya wiki, kwa wachuuzi wa Kabanga. Hakufikishwa hata gerezani.

Mume wangu husema kiazi hakijaua mtu, waliomuua ni wenye bunduki. Ni kweli, na ninamshukuru kwa kunikumbusha. Ila miaka yote hii, mtu akija kwangu akasema ana njaa, kabla sijampa kitu nachungulia kwanza barabarani.