Ncha ya Bisibisi

Fundi wa baiskeli wa Magongo hana haraka. Akifunga ekseli ya pedeli, hupangusa vikombe vya gololi kwa kipande cha leso kuukuu, hupaka grisi kwa kidole kidogo, kisha hugusisha ncha ya bisibisi kwenye fremu, mpini akautia sikioni, akazungusha pedeli polepole huku amefumba macho. Hapo hata muuza mahamri wa jirani hunyamaza. Akiridhika huguna, na huipanda mwenyewe kwanza ndipo akukabidhi.

Leo aliisikiliza baiskeli yangu ya resi, asigune. Aliichomoa tena ekseli, akapitisha ukucha ndani ya fremu, na ukucha ukanasa kwenye ufa uliokaribia kulizunguka bomba zima.

“Asubuhi umeteremka nayo, mwanangu?”

“Naam, kati ya malori ya bandarini. Ilikuwa ikilia kidogo tu.”

Gololi ikamponyoka, na mkono ule haujapata kuangusha kitu. Hakuiokota. Aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda chake, akatia ufunguo mfukoni.

“Keti kwanza,” alisema.

Nilimjibu kuwa sijachoka. Lori likapita likiunguruma kuelekea mteremkoni, nami nikaketi.